Sarara na Chumvi

Mtu aliyejaliwa kupata kitu cha thamani kuliko desturi yake, akitendee nini kitu hicho? Swali hili ni la zamani. Wenye hekima wameliuliza juu ya mali, juu ya madaraka na juu ya elimu. Mimi nakuuliza wewe, msomaji, juu ya kipande cha nyama. Usicheke. Mali hurithiwa na wachache, na madaraka hupewa wachache zaidi, lakini kila mtu hula. Kwa hiyo jiko ni mahali ambapo tabia ya kila mmoja wetu hujaribiwa, tena mara kwa mara, mbele ya watu wanaomjua vizuri.

Kipande nitakachokisema ni sarara. Huu ni mnofu mrefu, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, ulalao chini ya uti wa mgongo kwa ndani, jirani na figo. Ng'ombe mzima, awe mkubwa namna gani, ana sarara mbili tu, moja kulia na moja kushoto, nazo ni kilo chache katika nyama yake yote. Mnofu huu hauna kazi nzito. Miguu hubeba mwili na kwenda mwendo mrefu kutafuta maji. Shingo huinama na kuinuka kutwa nzima malishoni. Sarara imelala tu kama mtoto wa mfalme. Nyama isiyofanya kazi haioti kano nyingi, na kwa hiyo sarara ni laini hata kisu butu huipita. Kwa kuwa ni laini, wengi huitaka. Kwa kuwa ni chache, wengi hawaipati. Na hapo bei yake huiacha mbali bei ya nyama ya mfupa. Nyingi huenda kwenye mahoteli, na mtu wa kawaida hupita buchani miaka mingi akinunua mbavu, kidari na paja bila kuiulizia.

Sasa tuseme yupo mwalimu katika mji wa Nakuru ambaye amepata habari kwamba shemeji yake, kaka wa mkewe, atakuja kuwatembelea Jumapili. Mwalimu ana fedha kidogo za akiba. Anakwenda buchani na kuomba kilo moja ya sarara. Mchinjaji anatazama juu kwa mshangao.

"Mwalimu, kwako kuna arusi?"

"Hakuna arusi, ndugu yangu. Nina mgeni tu."

"Basi mgeni huyo ni mkubwa."

Maneno haya mwalimu anakwenda nayo nyumbani pamoja na nyama, na nadhani maneno ni mazito kuliko nyama. Mkewe anapoweka kikaango jikoni, mume anakuja kusimama mlangoni, jambo asilolifanya siku nyingine.

"Mama Baraka, umetia papai bichi?"

"Sikutia, Baba Baraka. Nyama hii ni laini yenyewe. Nitaikaanga kwa chumvi, tuile na kachumbari na ugali."

"Chumvi peke yake? Kaka yako atasema tumempikia chakula cha mgonjwa. Tia papai, tia tangawizi, tia bizari na nyanya. Nyama ya bei hii si ya kuchezea."

Mama Baraka anajua upishi kuliko mumewe, lakini hataki ugomvi na mgeni yu njiani. Anatia papai, anatia tangawizi na kitunguu saumu, anatia bizari, pilipili manga na nyanya, na chombo kinachemka saa mbili nzima. Mgeni anakula, anashiba, anasifu kwa moyo mweupe: "Dada, mchuzi huu ni mtamu sana." Juu ya nyama hasemi neno, na hakuna awezaye kumlaumu, kwa maana nyama haipo tena. Imekuwa uji wenye nyuzi. Mchuzi ule ule ungalipatikana kwa nyama ya shingo, kwa bei ndogo kuliko hiyo, tena ungalikuwa mtamu zaidi.

Tuitazame kwanza habari ya papai, kwa sababu ndani yake mna fundisho kamili. Papai bichi lina utomvu wenye nguvu ya kuzivunja nyuzi za nyama. Wapishi wa pwani wamelijua jambo hili tangu zamani, na anayetengeneza mishikaki ya nyama ngumu hupaka papai lililosagwa akaacha kwa muda, na nyama ikalainika. Ni dawa nzuri. Lakini ni dawa ya ugumu, na sarara haina ugumu. Mtu mzima akipewa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao haponi, maana hakuwa mgonjwa; ataugua kwa dawa. Ndivyo ilivyo kwa sarara. Utomvu ukikosa kano za kuvunja huvunja kilichopo, na mnofu ambao sifa yake yote ilikuwa ulaini ulioshikamana huwa tope.

Mchemsho wa saa mbili nao una historia yake ya heshima, mahali pake. Nyama ya muundi, ya shingo na ya mkia imejaa kano, na kano zina kitu ambacho wanasayansi hukiita kolajeni. Kitu hicho kikikaa ndani ya maji ya moto, penye joto la nyuzijoto 70 na zaidi, kwa saa kadhaa, huyeyuka kikawa ute laini, na ute huo ndio unaoufanya mchuzi wa muundi ushike midomo. Moto wa taratibu umeigeuza kasoro ikawa sifa. Sarara haina kano za kuyeyuka. Ukiichemsha, nyuzi zake hujikunja kwa joto, hukamua maji yake kama mtu akamuavyo nguo, na kadiri unavyoendelea ndivyo unavyobaki na pamba.

Hapa nataka usinielewe vibaya. Sisemi neno baya juu ya viungo. Nchi yetu ina pwani, na pwani ina pilau, ina biriani, ina harufu ya hiliki, mdalasini na karafuu ambayo humpokea mtu aingiapo sokoni Marikiti, Mombasa, kabla hajaona duka. Pilau bila bizari ni wali uliopotea njia. Lakini mpishi wa pilau huchagua nyama yenye mifupa na kano, nyama ya kustahimili safari ndefu, na kila kiungo anachotia kina kazi. Hapo pambo si pambo tena. Ni sehemu ya mwili. Mpishi huyo huyo ukimpa sarara, asiibebeshe mzigo wa muundi. Watu husema haki ni kuwatendea wote sawasawa, na mara nyingi husema kweli. Lakini kuna haki nyingine, iliyo ngumu zaidi, ya kumpa kila mmoja kinachomfaa yeye. Mwalimu awafundishaye wanafunzi wake wote kwa namna moja, mwepesi na mzito, mwoga na mkali, amewatendea sawasawa, wala hakuwatendea haki.

Wachina wana hadithi ya kale, aliyoiacha mwenye hekima Zhuangzi wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Mpishi mmoja alikuwa akikata ng'ombe mbele ya mtawala wake. Kisu chake kilikwenda kama kinacheza ngoma, na mtawala akastaajabu. Mpishi akaeleza kwamba wapishi wengine hubadili visu kila mwezi kwa sababu hukata kwa nguvu, na waliobora kidogo hubadili kila mwaka. Lakini kisu chake yeye kilikuwa na miaka 19, kimekata ng'ombe kwa maelfu, na bado kilikuwa kikali kama siku kilipotoka kwa mnoaji. Sababu ni kwamba hakushindana na mfupa. Aliifuata njia iliyokuwamo tayari ndani ya ng'ombe, penye nafasi baina ya kiungo na kiungo. Mimi humpenda mpishi huyo. Alikijua kitu kilicho mbele yake vizuri hata mkono wake haukuwa na haja ya kukionyesha nguvu.

Lakini kwa nini mwalimu wetu wa Nakuru, mtu mwenye elimu, aliagiza papai? Si kwa kutojua tu, kwa sababu mkewe alimwambia. Aliogopa. Nyama yenye chumvi peke yake haina mahali pa kujificha. Ikikauka itaonekana imekauka. Ikiwa mbichi itaonekana mbichi. Na mgeni akiila atajua mara moja kama mwenyeji alijua alitendalo. Mchuzi mzito ni shuka. Hufunika makosa, na kwa bahati mbaya hufunika uzuri pia. Nimewaona watu wakitia viungo kwa mkono unaotetemeka, na nimewasikia wengine wakihutubia kwa maneno makubwa kwa sababu hiyo hiyo. Nawe unayeandika insha darasani, ukiona umelundika methali tano katika aya moja, jiulize kama hukuwa na jambo la kusema au kama uliogopa kulisema wazi.

Watu hudhani kupika kwa njia nyepesi ni kupunguza kazi. Wajaribu waone. Kazi haikupungua, imehama. Ilikuwa katika kusaga, kukata na kuchanganya. Sasa imo katika kuchagua, kungoja na kutazama. Muundi ukiwa motoni mpishi aweza kwenda kisimani, akafua nguo, akarudi akakuta mambo ni mema. Sarara ikiwa motoni hawezi kumwitikia hata jirani abishaye hodi. Dakika mbili ni nyingi.

Kwa kuwa sipendi kusifu jambo bila kulieleza, nitasema linavyofanyika. Nyama itolewe mahali pa baridi mapema kidogo, ipanguswe kwa kitambaa safi mpaka ikauke, maana nyama yenye maji juu haikaangiki, hutokota. Utando mweupe unaong'aa juu yake uondolewe kwa ncha ya kisu, kwa sababu huo ndio mgumu peke yake katika sarara yote. Ikatwe vipande vya unene wa vidole viwili. Chumvi itiwe saa moja kabla, au itiwe wakati ule ule wa kuingia kikaangoni. Katikati ya nyakati hizo chumvi huwa imeyavuta maji juu na haijayarudisha ndani. Kikaango kiwe kizito, kipate moto sana, kisha mafuta kidogo au samli. Nyama ikigusa chuma ni lazima ilie. Ikinyamaza, itoe ungoje.

Rangi ya kahawia inayotokea, pamoja na harufu ile inayowaleta watoto jikoni bila kuitwa, ina jina la mtu. Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeeleza mwaka 1912 jinsi vitu vya protini na sukari vinavyogeuzana kwa joto na kuzaa rangi na ladha mpya. Kabla yake, katika karne ya 19, mwanakemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, alifundisha kwamba kuunguza uso wa nyama huziba matundu yake na kufungia maji ndani. Wapishi wa dunia nzima walimwamini, na wengi wanamwamini hata leo. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba si kweli: nyama iliyounguzwa juu hupoteza maji sawa na nyingine, pengine zaidi. Tunaikaanga kwa moto mkali kwa ajili ya ladha. Naitaja habari hii kwa sababu ni vizuri kijana ajue kwamba hata mtu mkubwa aweza kukosea juu ya kikaango.

Kisha nyama itolewe, iwekwe kwenye sahani ya moto, ifunikwe kidogo, iachwe ipumzike dakika tano. Hizi ndizo dakika ngumu kuliko zote, kwa sababu kila mtu mezani anatazama. Ikikatwa mara ile maji yake humwagika kwenye sahani. Ikingojewa mengi hubaki ndani. Ikatwe kukingama nyuzi. Hayo ndiyo yote. Chumvi, moto, na subira ya dakika tano.

Je, iive kiasi gani? Katika nchi nyingine watu huipenda nyekundu ndani, na wako watu wa kwetu ambao, kwa kuiga, hula nyama mbichi huku wamefumba macho. Sioni fahari katika jambo hilo. Wazee wetu waliopenda nyama iliyoiva walikuwa na sababu: nyama ya ng'ombe yaweza kubeba vifuko vya tegu, na ni kwa ajili hiyo ng'ombe hukaguliwa machinjioni na nyama yake kupigwa muhuri. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kipikwe hata ndani yake pafike nyuzijoto 70. Basi fika hapo usimame hapo. Sarara iliyoondolewa motoni wakati huo bado ni laini na ina maji yake. Iliyosahauliwa ndani ya mchuzi utokotao ni jambo jingine kabisa. Kiasi ni kujua pa kusimama, na katika nyama kama ilivyo katika hasira, tofauti baina ya kutosha na kuzidi ni ndogo sana.

Mpinzani wangu, ambaye nadhani amekaa kimya muda mrefu, sasa ana neno la kusema, na neno lake lina nguvu. Anasema: sarara ni laini, lakini ladha yake ni hafifu. Muundi, nundu na mkia vina ladha kubwa kuliko hiyo. Basi kitu chenye ladha ndogo si ndicho kinachohitaji kusaidiwa? Hata Wafaransa, mabingwa wa upishi, wana chakula kiitwacho kwa jina la Rossini, mtunzi wa muziki wa Italia, ambamo kipande cha sarara hubebeshwa ini la bata bukini na uyoga wa thamani. Na Waingereza huiviringisha sarara ndani ya kinyunya pamoja na uyoga, wakakiita chakula hicho kwa jina la Wellington.

Ni kweli kwamba ladha ya sarara ni ya upole. Bei haikupimwa kwa ladha. Ilipimwa kwa ulaini na uchache. Hili peke yake lingetosha kututia shaka kila tusikiapo kwamba kitu fulani ni bora kwa kuwa ni ghali. Lakini sauti ya upole haisaidiwi kwa kupigiwa tarumbeta. Ukitaka kumsikia asemaye polepole, waambie wengine wanyamaze. Chumvi na kahawia ya moto huongeza ladha ambayo ni ya nyama yenyewe, na maji machache yaliyobaki kikaangoni, yakikwanguliwa pamoja na kijiko cha maji ya moto, ni mchuzi wa kutosha. Na vyakula vya Rossini na Wellington ni kazi ya majiko yenye wapishi wengi, kila mmoja na kazi yake, na mwenye kuvila amelipia ustadi wao kama alivyolipia nyama. Mtu wa nyumbani anayeviiga kwa jiko la makaa na mikono miwili huwa kama mtu avaaye joho la kadhi kwenda kulima. Joho ni zuri, kadhi ni mtu wa heshima, na shamba halikulimwa.

Aristotle, Myunani aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alimtaja mtu wa namna hii alipokuwa akieleza adili ya kutumia mali. Alimtaja mtu ambaye akiwaalika wenzake wa chama kwa chakula cha kawaida huwaandalia kama arusi. Kosa la mtu huyo, kwa maoni yake, halikuwa wingi wa fedha. Ni kwamba alitumia ili aonekane, akatumia nyingi palipotaka chache, na palipotaka nyingi akatumia chache. Mchinjaji wetu hakumsoma Aristotle, lakini aliuliza swali lake: "Kwako kuna arusi?"

Na huyo mgeni, tumemtendea nini? Chakula kilichopikwa ili kisifiwe huweka deni mezani. Mgeni hujua kwamba anangojewa aseme. Hula akiwa na wajibu, na maneno yake ya kwanza hayawezi kuwa juu ya safari yake, wala juu ya mama yake aliye mgonjwa, wala juu ya jambo lililomleta. Ni lazima yawe juu ya sahani. Mwenyeji akizidi kidogo, atataja bei. Nimewahi kukaa katika karamu ambapo bei ya mbuzi ilitajwa mara tatu kabla ya kunawa mikono, na kila tonge lilipita kooni kama risiti. Methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi kizuri kikitembezwa, watu watakidhania nini?

Lakini nihadhari nisije nikamtetea bahili. Yuko mtu ambaye hupika kwa chumvi tu kwa sababu hataki kununua kitunguu, akajiita mpenda maisha ya kawaida. Yuko na mwingine, mwerevu zaidi, ambaye huionyesha kawaida yake kama wengine waonyeshavyo dhahabu: huwaalika watu, huwapa nyama na chumvi, kisha huwahutubia saa nzima juu ya ubaya wa viungo. Huyo naye amepika mchuzi mzito. Umo mdomoni mwake. Kipimo changu ni rahisi. Mtazame alaye. Akiisahau nyama kwa sababu mazungumzo ni matamu, na huku sahani yake ikamalizika, mpishi ameshinda.

Lipo swali moja zito kuliko haya yote, nalo ni kama yafaa mtu wa kawaida kuinunua sarara. Wako watakaosema kwamba katika mtaa ambamo jirani anapika sukuma wiki siku sita kwa juma, nyama hiyo ni dhambi. Siwezi kusema hivyo, wala siwezi kuwapuuza. Fedha ya karo ya mtoto, fedha ya dawa na fedha ya kulipa deni haziwi sarara kwa hoja yoyote. Atumiaye hizo amekula kitu kisicho chake. Lakini mtu aliyefanya kazi, akalipa anachodaiwa, akapenda mara moja kwa mwaka kumlisha mama yake kitu laini kwa sababu meno yake yamekwisha, sioni wa kumhukumu. Ninachosema ni kwamba akishanunua, amechukua amana. Ng'ombe alilelewa miaka kadhaa, pengine huko Kajiado au Garissa, katika ukame na mvua. Mtu alimchunga juani na kumtafuta alipopotea. Na mchungaji huyo akimuuza ng'ombe wake huenda sarara yake asiione tena. Kuiharibu nyama hiyo kwa sababu ya fahari ni kuwapotezea wote hao jasho lao, na mnyama uhai wake.

Jambo hili halikuwa geni kwa watu wa nchi yetu. Katika makabila mengi, mnyama akichinjwa, nyama hugawanywa kwa kanuni: kipande hiki cha wazee, hiki cha wanawake, hiki cha aliyechinja, hiki cha jamaa wa upande wa mama. Bei haikuwapo. Heshima ya kipande ilitoka kwa mtu aliyestahili kukipata, na hakuna aliyehitaji kukipamba ili kijulikane. Na hata leo, watu wa Kenya wanaposhika njia Jumamosi jioni kwenda kula nyama choma, hula mbavu za mbuzi zilizobanikwa juu ya makaa, zikakatwa juu ya ubao, na chumvi ikawekwa kando katika rundo dogo. Anayetaka huchovya. Wakili na dereva hula ubao mmoja. Mambo ambayo mwalimu wetu aliyaonea haya nyumbani kwake, huyalipia kwa furaha akiwa barabarani.

Nakumbuka kwamba nilimwacha Mama Baraka jikoni na nyama iliyoharibika, na si haki, kwa kuwa yeye hakukosea. Tuseme basi mwaka mwingine mgeni anakuja tena, na mume amekaa sebuleni kama impasavyo. Mama Baraka ataikata sehemu nene ya sarara vipande, kimoja kwa kila mtu na kimoja zaidi, akavitia chumvi na moto. Lakini ile ncha nyembamba, iliyo kama mkia, haikaangiki vizuri pamoja na vingine, maana hukauka kabla vingine havijaiva. Hiyo ataiweka kando pamoja na vipande vidogo vyenye mafuta alivyovipunguza. Kesho yake asubuhi, mgeni akiwa anafunga mizigo, atavikatakata vidogo sana, avikaange kwa kitunguu kingi, nyanya, tangawizi na pilipili, na hapo ndipo atakapofungua mkebe wa bizari, atie bila woga, na kuandaa pamoja na chapati za moto na chai.